Nilimvunja Mzee wa Watu Mkono kwa Ajili ya Santuri ya Mama

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Sababu ninazo, nimeshazijaribu zote mbele ya kioo na hakuna hata moja iliyosimama.

Naandika bila jina. Naishi Igoma, Mwanza, nakodisha spika na mashine za muziki kwa harusi na misiba. Watu wa Barabara ya Musoma wakisoma hapa watanijua, na wanijue tu. Majina ya wengine nimeyabadili.

Kwanza mjue kwamba mkono wangu ni mwepesi. Nimewahi kumpiga dereva wa bodaboda, nimempiga shemeji yangu, nimempiga kijana wangu wa kazi kwa sababu alichelewa kuleta waya. Na mke wangu nimempiga, zaidi ya mara moja. Nilikuwa nawaambia watu kwamba hasira zangu ni moto wa mabua, zinawaka na kuzima papo hapo. Sikuwahi kugeuka nyuma kuangalia kilichoungua.

Mama yangu alifariki mwaka huu kwa presha, tukamzika Kisesa. Baba alishatangulia zamani.

Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja ambaye sikumjua. Mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Jeneza lilipofika kaburini akapita mbele ya watu wote, akaketi juu ya ule udongo uliochimbwa na kukumbatia beleshi.

"Huyu ni mke wangu," akasema. "Hazikwi mtu hapa mpaka Wasukuma mnipe jogoo wangu."

Watu wakacheka msibani, hata katekista alicheka. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, akaninong'oneza, "Ni Mzaramo huyo, anaitwa Salumu, anakaa Igogo. Mtani wetu. Mpe jogoo atupishe tuzike."

Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kusema lolote, kulala kaburini, kumwita marehemu mke wake, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Nilikuwa nayajua hayo yote. Nikatoa jogoo, akaachia beleshi, tukazika.

Lakini nilimwona baadaye. Mtani halii kweli, analia kwa kuigiza ili watu wacheke. Huyu mzee alikwenda nyuma ya migomba peke yake, akavua kofia yake, akaziba nayo uso. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikajiuliza ni utani gani huo, halafu nikaliweka neno moyoni.

Matanga yalipokwisha tukafungua sanduku la mama kugawa nguo. Chini kabisa, chini ya vitenge, kulikuwa na bahasha kubwa ya hospitali, ya picha za eksirei. Bahasha ile tuliijua tangu utoto. Kabla mimi sijazaliwa mama alivunjika mkono wa kushoto, tukaambiwa aliteleza kisimani. Haikuwahi kufunguliwa na mtoto yeyote wa nyumba ile, kwani nani ana hamu ya kuangalia mfupa wa mama yake?

Mimi nikaifungua. Hakukuwa na eksirei ndani. Ilikuwa santuri ndogo, nyeusi, yenye tundu kubwa katikati. Kwenye karatasi yake ya katikati hapakuwa na jina la bendi wala la kampuni. Paliandikwa kwa kalamu neno moja, Minza. Hilo ni jina la mama la nyumbani.

Mama mdogo alikuwa uani na wadogo zangu wa kike. Ningetoka tu na kumuuliza. Lakini mimi ni mtu wa muziki bwana, nikaona haya ni mambo yangu, nikaichomeka santuri chini ya shati na kuondoka nayo.

Sasa ujuaji wangu mimi ni wa flashi na laptop. Nimekulia kwenye kaseti, santuri sijawahi kuipiga hata siku moja. Nikaenda kwa fundi redio mmoja hapa hapa Igoma ambaye ana pleya ya zamani. Akaigeuza geuza santuri, akatikisa kichwa.

"Bosi, pleya yangu inazunguka mwendo mmoja tu, ule wa santuri kubwa. Hii ni ndogo. Hizi ndogo zinataka mwendo wa haraka zaidi."

"Wewe weka."

"Itatoka nzito, haitakuwa yenyewe. Nipe muda nitafute mkanda mwingine, niirekebishe."

"Fundi, nimekwambia weka."

Akakata kipande cha ndala kuziba lile tundu kubwa, akaweka. Mimi nikachomeka waya kwenye laptop ili nirekodi. Kwa sababu ya kubishana naye nilichelewa kubonyeza, sindano ilikuwa imeshashuka na mwanzo umeshapita. Sikujali, nikasema mwanzo si kitu.

Ulitoka mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye muziki wowote. Kinanda cha umeme kilikuwa kinanguruma sauti moja, kama mashine ya kusaga iliyokabwa na gunzi. Nyuma yake kitu kinagonga, kinagonga, hakichoki. Hakuna gitaa, hakuna kiitikio, hakuna pa kuchezea. Halafu akaingia mwanaume. Haimbi, anabwata, sauti nzito inayokwaruza.

"Minza, toka nje! Minza, iache nyumba hiyo. Anakuua, Minza. Nipo hapa nje nakusubiri. Toka!"

Maneno hayo hayo, tena na tena, mpaka mwishoni sauti ikapasuka na kuwa kilio. Fundi alikuwa ameinamia meza yake, anajifanya anatafuta bisibisi.

Nikamkumbuka yule mzee wa nyuma ya migomba. Nikamuuliza fundi kama anamjua Mzaramo yeyote wa Igogo anayeitwa Salumu.

"Mzee Salumu Kinanda? Nani asiyemjua," akasema. "Anafundisha watoto kupiga kinanda barazani kwake."

Basi. Sikuhitaji kingine. Kinanda, Salumu, "huyu ni mke wangu", kilio cha nyuma ya migomba. Mwanaume alikuwa anamwita mama yangu atoke ndani ya nyumba ya baba yangu, na mama akaitunza sauti yake sandukuni maisha yake yote. Nilipofika kwenye gari nikajitazama pua kwenye kioo cha pembeni. Niwaambie ukweli, nilikuwa natafuta kama ni pua ya baba.

Nikawasha kirikuu changu, kigari cha mizigo, kwenda Igogo. Nyuma kulikuwa na vyombo vya kazi, na kati yake stendi ya maiki, ya chuma, ile yenye kitako kizito.

Ilikuwa mchana kweupe. Nilimkuta barazani, kinanda kidogo kimelazwa juu ya meza mbele yake. Sikumwamkia. Mtu wa umri ule, sikumpa hata shikamoo.

"Karibu, Msukuma," akasema akicheka. "Leo umeniletea jogoo mwingine?"

Nikainua santuri aione. Kicheko kikamwisha. Akasimama taratibu, mikono yote miwili ameinyosha kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Umeipata wapi? Mimi nilijua zote zimekwisha. Lete, baba, niishike."

"Ni yako?"

"Ni yetu. Mimi na mama yako."

Nilimpiga nayo usoni. Ikavunjikia shavuni kwake, vipande vikaruka mpaka barabarani. Akayumba. Akasema, "Mwanangu, subiri nikwambie," na mimi nilikuwa nimeshaifuata ile stendi ya chuma kwenye gari. Nilipoishusha alikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Nikausikia mfupa. Watu wanasema mfupa unalia kama kijiti kikavu, mimi niliusikia kama mhogo mbichi, kwa ndani, mlio mzito.

Akaangukia kinanda chake. Kifua chake kikabana vitufe, kinanda kikaanza kulia mlio mmoja mrefu usiokatika.

Nikampiga tena, kwenye mkono ule ule.

Hilo pigo la pili ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. La kwanza naweza kusema nilipofuka. La pili nilikuwa namwona vizuri kabisa. Niliona damu ya shavuni inaingia kwenye kola ya lile shati la pasi, niliona mkono umekaa upande usio wake, na bado nikapiga.

Igogo walinifundisha adabu, na nilistahili. Mama mmoja alinitwanga na sufuria, vijana wakanilaza chini, jino moja liliishia pale pale. Kuna aliyetaja petroli. Aliyenusuru maisha yangu ni mzee mwenyewe. Alikuwa bado yuko chini, kinanda bado kinalia, akasema, "Mwacheni. Mpelekeni polisi, msimuue, ni mtoto wa Minza." Ndipo jirani mmoja akakumbuka kuzima kile kinanda.

Nikalazwa mahabusu. Mzee alipotoka hospitali majirani walimleta kituoni aandikishe maelezo, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko na uso umevimba. Nilisimamishwa mbele yake. Akamwambia afande, "Huyu ni mtani wangu. Tulikuwa tunataniana."

Afande akautazama mkono. "Mzee, utani gani huu?"

"Ndiyo utani wa Kisukuma, afande. Hawajui kupima."

Akakataa katakata kuendelea na kesi. Majirani wakasonya, afande akakasirika, lakini hakuna mlalamikaji. Nikaachiwa. Mnajua niliwaza nini nikitoka pale? Niliwaza kwamba anaogopa siri yake isitoke mahakamani. Ndivyo nilivyokuwa.

Mama mdogo akaja nyumbani kwangu Igoma, hakuketi hata kwenye kiti. Alinisema mbele ya mke wangu na watoto. Alipofika kwenye neno "mzee wa watu hana kosa", nikamwambia asubiri, nitamsikilizisha kosa lake. Nikawasha laptop, nikamwekea nilichorekodi.

Alisikiliza akiwa amesimama. Nilitegemea ashike mdomo kwa aibu. Badala yake akakunja uso kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi.

"Mbona umeilaza?" akasema. "Haikuwa hivi. Wimbo huu ulikuwa unakimbia."

"Unaujua?"

"Ipandishe, ng'wanone, mwanangu. Ipandishe mwendo."

Kazi yangu ni hiyo, kupandisha na kushusha mwendo wa nyimbo watu wacheze. Nikavuta alama ya mwendo kwenye kioo cha laptop kwa kidole, kidogo kidogo. Kinanda kikaacha kunguruma, kikaanza kupiga mayowe. Kule kugonga kukawa mbio. Na yule mwanaume sauti yake ikaanza kupanda, ikawa ya kijana, ikapanda tena, uzito ukamtoka. Kufikia mwendo aliousema fundi tangu mwanzo, hakukuwa na mwanaume. Kulikuwa na binti. Na mimi binti yule namjua, kwa sababu herufi ya kwanza ya jina lake anaitamka kwa kuibana midomo, vile vile alivyoitamka mpaka anakufa.

Alikuwa mama. Mama yangu ambaye maisha yangu yote sikumsikia akipaza sauti, hata kumfukuza mbuzi kwenye mahindi. Alikuwa anajiita mwenyewe.

"Minza, toka nje! Anakuua, Minza. Toka!"

Nikaketi chini sakafuni. Mama mdogo naye akaketi, akanieleza yote kwa sauti ya chini, kana kwamba baba bado yuko chumba cha pili.

Kinanda cha wimbo ule kilitupwa na misheni kwa sababu kilinyeshewa. Salumu alikuwa kijana, fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akakitengeneza, kikapona vibaya, kikawa kinanguruma. Mama alikuwa ameolewa binti mdogo na anapigwa kila mara. Akapita pale akakisikia, akasema mlio huu ndio uliomo kichwani mwangu. Hivyo ndivyo walivyoanza kupiga pamoja. Walivuka ziwa kwa mtumbwi wa ndugu hadi upande wa Kenya, wakatafuta mtu wa kuwatolea santuri, wakarudi na boksi moja. Wakapiga mara moja tu kwenye ukumbi hapo Igogo. Watu waliwarushia chupa, wakasema hawa ni vichaa, huu si muziki.

Lakini baba aliambiwa maneno yaliyoimbwa, na alijua ni nani anayeua katika wimbo ule. Akamvunja mama mkono. Kisima kilikuwa uongo. Kisha akalibeba lile boksi kwenda nalo kwao Sengerema, na katikati ya maji ya Kigongo, kivuko kikiwa kinaelekea Busisi, akalitupa ziwani. Mama alikuwa ameficha moja, akaiweka ndani ya bahasha ya eksirei ya mkono ule ule, mahali ambapo baba hatatia mkono.

"Na Salumu?" nikauliza.

"Salumu hakumgusa hata kidole. Alimwambia, funga mizigo nikupeleke kwetu Kisarawe, utakaa na mama yangu. Mama yako alifunga. Siku ya kuondoka akajijua ana mimba yako, akafungua mizigo. Akasema mtoto hawezi kuzaliwa bila kwao."

Nilitafuta pa kuweka uso wangu, sikupata.

Nikaenda Igogo. Safari hii nilipiga magoti hapo hapo barazani, majirani wanatazama, na nikatoa shikamoo.

"Marahaba, Msukuma," akasema mzee. Nilikuwa na jogoo mkononi. Akampokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia vidole vyake havikunji tena. Plasta ilishatolewa na vimebaki vimenyooka, na daktari amemwambia ndiyo basi. Kinanda kilikuwa ndani, kimefunikwa kitambaa. Watoto wa kufundishwa hawaji tena.

Nilimwambia kila kitu, pleya, mwendo, pua yangu kwenye kioo. Akauliza tu, "Ulirekodi?" Nikatoa spika ndogo, nikamwekea, kwa mwendo wake.

Alifumba macho. Mkono wa kushoto ukaanza kutembea juu ya paja lake, unapiga vitufe visivyokuwepo. Wa kulia ulilala tu pembeni. Wimbo ulipokwisha akafumbua macho, akasema, "Mwanzo wake uko wapi?"

"Nilichelewa kubonyeza, mzee."

"Kuna maneno alisema kabla kinanda hakijaingia. Alikuwa anacheka, akasema maneno machache, ndipo nikaanza kupiga."

"Alisema nini?"

Akanigeuzia lile shavu lenye kovu la santuri. "Kule polisi nilikupa utani wangu, na ule ulikuwa wangu kuutoa," akasema. "Haya siwezi. Yalikuwa kwenye santuri, ukaivunja. Sasa yamebaki kwangu tu, na nitakwenda nayo."

Sikumbembeleza. Ningeanzia wapi?

Mke wangu alikuwa ameyasikia yote siku ile mama mdogo alipokuja. Akaniomba nimwekee wimbo kwenye simu yake. Nilifurahi, nikadhani anaomboleza na mimi. Akawa anausikiliza akifua, akiosha vyombo, akisuka nywele za binti yetu. Nilimwapia kwamba mkono wangu haunyanyuki tena juu ya mtu. Nilikuwa namaanisha, na nilimaanisha kwa wiki kadhaa.

Kisha siku moja chai ilichelewa, nina kazi ya harusi, waya hazionekani. Sikumpiga. Niliinua tu mkono. Ulipokuwa juu nikaushusha mwenyewe, nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Yeye alikuwa ameutazama. Akaweka ufagio chini, akaingia ndani, akatoka na watoto na begi ambalo nadhani lilikuwa limeshafungwa. Hakugomba na hakulia. Nimempigia simu mara nyingi, hapokei, na wazazi wake wameniambia niache.

Wewe unayesoma na mkono wako ni mwepesi kama wangu, usijidanganye na moto wa mabua. Ukiwa na hasira na mtu anakwambia subiri nikueleze, subiri. Fundi aliniambia ngoja, mzee aliniambia subiri, na sasa mimi ndiye ninayesubiri simu isiyopokelewa. Na kama nyumbani kwako kuna mtu asiyepaza sauti kamwe, usidhani ametulia. Muulize angali yupo.

Mama alijiita atoke, akashindwa kwa ajili yangu. Baada ya miaka yote ile wimbo wake umemtoa mke wangu, na huyo naye ametoka kwa ajili yangu.